Kabla giza halijaisha: mwongozo wa usiku wa nyota Bagamoyo

Kila tukitangaza jioni ya kutazama nyota, hatukosi mtu wa kuuliza: "Kwani mpaka tufunge safari Bagamoyo? Nyota si ziko hata Kinondoni?" Jibu fupi: ziko, ila huzioni. Ukisimama katikati ya Dar es Salaam usiku usio na mawingu, utahesabu nyota makumi kadhaa, pengine ukichoka utasema mia. Kwenye giza la kweli, jicho la kawaida linaweza kuona nyota elfu mbili hivi kwa wakati mmoja. Nyota ni zilezile. Kilichobadilika ni mwanga wa jiji ulioko kati yako na hizo nyota.

Basi makala hii ni ya wewe unayefikiria kuja kwa mara ya kwanza. Sitakuorodheshea nyota zote, hilo programu ya simu inaweza kulifanya. Nitakueleza nini hasa kinatokea juu yako ukisimama ufukweni Bagamoyo, kwa nini mahali hapa ni pazuri kuliko watu wanavyodhani, na kwa nini usichelewe sana kuja.

Kwanza, tuelewane kuhusu jina

Ukisema "tunakwenda kusoma nyota", kuna jamaa atakunyooshea kiganja umtabirie. Huo ni unajimu wa kutabiri bahati, na sisi hatuufanyi. Tunachofanya ni astronomia: kupima na kueleza vitu vilivyoko angani. Hapa nchini kuna chama cha kazi hiyo kinachojulikana kwa kifupi kama ASSAT, na Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amekuwa akiwaeleza wasomaji wa magazeti mambo ya anga kwa miaka mingi.

Na watu wanapenda, tusidanganyane. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa kwa umbo la pete, umati ulifurika Rujewa mkoani Mbeya, watu na miwani yao maalumu, kwa sababu pale ndipo pete ilionekana kamili. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa, haikuhitajika safari wala miwani. Kuanzia saa mbili na nusu usiku mwezi uligeuka mwekundu kwa dakika 82, na kila aliyekuwa nje pasipo mawingu aliuona. Lakini kupatwa ni sherehe za mara mojamoja. Anga ya kawaida iko kila usiku, bure.

Chagua usiku: uliza mwezi, kisha uliza maji

Kosa kubwa la wageni ni kuja mwezi mpevu, kwa kudhani mwanga mwingi ndiyo uzuri. Mwezi mpevu unafunika nyota hafifu sawa na taa za jiji. Ukitaka Njia ya Maziwa, yaani ule ukungu mweupe unaopita katikati ya anga, njoo siku za giza, mwezi ukiwa haujaandama au ndiyo kwanza umeandama. Ukitaka kuona milima na mashimo ya mwezini kwa darubini, njoo mwezi ukiwa nusu. Hapo jua linaumulika kwa ubavu na kila shimo linatupa kivuli.

Watu wa pwani watakuwa wameshaona kitu: siku za giza ndizo pia siku za bamvua. Si bahati mbaya. Mwezi ukiwa upande mmoja na jua, au upande wa pili kabisa, mvuto wao unajumlishana na maji yanapanda na kushuka sana. Mwezi ukiwa nusu, mivuto inapishana na tunapata maji mafu. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa takriban saa kumi alasiri na hutoka hadi karibu saa nne usiku. Kwa hiyo usiku mzuri wa nyota ndio usiku ambao ufukwe unazidi kupanuka mbele yako kadiri giza linavyoingia. Ila usipange kulala palepale chini: kufika saa kumi alfajiri mkeka wako utakuwa unaelea.

Ukitazama baharini usiku huo utaona msururu wa taa karibu na upeo wa macho. Usikimbilie kuzipa majina ya Kiarabu. Hao ni wavuvi wa dagaa, na wao pia wanafuata giza, maana samaki hufuata taa vizuri zaidi mwezi ukiwa haupo.

Jambo jingine la kutazama jioni, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama: hilali yetu imelala chali kama dau. Kwenye vitabu vya Ulaya imechorwa imesimama, kama mabano. Vyote ni sahihi. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua na mwezi hushuka magharibi karibu wima. Jua lililokwisha kuzama linakuwa chini ya mwezi, si pembeni yake, na upande unaomulikwa ni wa chini. Mtu aliye London anaona jua likizama kwa mshazari, na hilali yake inainama.

Hapohapo ndipo penye jibu la ule mjadala wa kila mwaka wa mwandamo. Mwezi "ukizaliwa" kwa hesabu, unakuwa sehemu moja na jua angani na hauonekani kabisa. Kila siku unaachana na jua kwa nyuzi 12 hivi. Kwa kawaida jicho tupu linahitaji zaidi ya saa 15 tangu uzaliwe ndipo liweze kuukamata ule uzi mwembamba kwenye mwanga wa magharibi. Kwa hiyo mtu anaweza kusema "umezaliwa" na mwingine "haujaonekana", na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Dakika ishirini za kutofanya kitu

Bagamoyo jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 45 jioni, kutegemea msimu. Kwa kuwa linashuka wima, giza letu linaingia haraka: dakika 70 na kitu baadaye anga limekuwa jeusi kabisa. Wenzetu wa Ulaya kaskazini wanaweza kusubiri saa nyingi, na katikati ya kiangazi chao giza kamili halifiki.

Lakini giza la anga halitoshi. Macho yako nayo yanahitaji muda. Mboni inapanuka ndani ya sekunde chache, ila chembe za jicho zinazoona mwanga hafifu zinahitaji dakika 20 hadi 30 kurudisha kemikali yake. Ukiwasha simu mara moja tu kusoma ujumbe, umeanza upya. Ndiyo maana kwenye jioni hizi utasikia watu wanafokeana "zima tochi!" Hawana ugomvi. Tochi nyekundu inaruhusiwa, kwa sababu chembe hizo haziusumbukii sana mwanga mwekundu.

Na ukiona kitu hafifu kinapotea kila ukikikazia macho, usikikazie. Tazama pembeni yake kidogo. Katikati ya jicho kuna chembe za kuona rangi, na usiku hazina kazi kubwa. Chembe za giza ziko pembeni.

Sasa angalia ulipo

Bagamoyo iko nyuzi 6.4 kusini mwa ikweta. Namba hii ndogo ina utajiri mkubwa. Maana yake ni kwamba ncha ya kusini ya anga, ile sehemu ambayo anga lote linaonekana kuizunguka, iko nyuzi 6.4 tu juu ya upeo wa macho. Nyoosha mkono mbele na ukunje ngumi: ngumi hiyo ni nyuzi 10 hivi. Ncha iko chini ya ngumi moja. Tafuta Msalaba wa Kusini, chukua ule mti wake mrefu, uuendeleze mara nne na nusu kuelekea upande wa mguu wa msalaba. Utafika karibu kabisa na ncha hiyo. Ukishuka wima kutoka hapo hadi chini, umepata kusini, bila dira.

Upande wa pili, ncha ya kaskazini imezama chini ya upeo kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo sehemu ya anga ambayo Bagamoyo haioni kamwe ni kiduara kidogo kaskazini, chini ya nusu asilimia ya anga lote. Kila kitu kingine, kwa kungoja majira yake, kitapita juu yako. Mtu wa London hatauona Msalaba wa Kusini maisha yake yote akibaki kwao. Wewe unaona vitu vyake karibu vyote, na vya kwako juu yake. Wanaastronomia hulipa nauli kubwa kuja kwenye latitudo kama hizi.

Jaa na Suheli: nyota zilizokuwa ramani

Manahodha wa Bahari ya Hindi walilijua hili zamani. Kwenye Kiswahili cha zamani cha baharini, kaskazini iliitwa jaa, wengine jaha, na kusini iliitwa suheli. Yote ni majina ya nyota: Jaha ni nyota ya ncha ya kaskazini, na Suheli ni nyota ya pili kwa ung'avu angani usiku, ile ambayo Wazungu wanaiita Canopus. Mielekeo yao ilikuwa nyota.

Sasa fikiria jahazi linaondoka hapa na upepo wa kusi kwenda Maskati. Kutoka Bagamoyo Jaha haionekani, iko chini ya upeo. Lamu, bado. Ukipita Kismayu unavuka ikweta, na nyota ile inaanza kuinuka kutoka majini mbele yako. Mogadishu iko nyuzi 2 juu. Ukifika Maskati iko nyuzi 23 na nusu hivi. Yaani urefu wa nyota ya ncha juu ya bahari ndiyo latitudo yako. Hakuna hesabu zaidi ya hapo.

Kuupima walitumia kamali: kipande cha mbao chenye uzi uliofungwa mafundo. Unabana fundo kwa meno, unanyoosha uzi, unaweka ukingo wa chini wa mbao kwenye upeo na wa juu kwenye nyota. Kila fundo ni bandari. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15, aliandika kwa kirefu juu ya ufundi huu, na alipima nyota kwa "vidole". Ngumi yako ya hapo juu ni mtoto wa ufundi uleule. Unaweza kutengeneza kamali yako kwa kadi ya simu na uzi wa kushonea. Tunawafanyisha hivyo wanafunzi wa sekondari na inachukua dakika kumi.

Kilimia si mtabiri, ni kalenda

Kati ya Novemba na Aprili utaona kishada kidogo cha nyota sita au saba zilizobanana. Hicho ni Kilimia, na jina lake linatokana na kulima. Wazee wana methali kuwa Kilimia kikizama wakati wa mvua, huzuka wakati wa jua, na kinyume chake pia. Tuipime.

Dunia inazunguka jua, hivyo kila siku nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana. Katikati ya Novemba Kilimia kinachomoza mashariki jua likizama: vuli hiyo. Kinasogea magharibi jioni baada ya jioni, hadi mwezi Mei kinamezwa na mwanga wa jua, masika ikiwa bado ipo. Mwezi Juni kinaonekana tena, safari hii alfajiri upande wa mashariki, na mvua kubwa zimekwisha. Kilizama kwa mvua, kikazuka kwa jua. Methali imefaulu mtihani.

Lakini tuwe makini. Kilimia kinakuambia uko wapi kwenye mwaka, hakikuambii mwaka huu mvua itakuwaje. Vuli ya mwaka 1997, ile ya El Niño, ilileta mafuriko, na Kilimia kilichomoza tarehe zake za kila mwaka bila habari. Nyota ni saa nzuri. Hali ya hewa ni jambo la bahari na upepo.

Foleni ya darubini

Haya, umefika mbele ya darubini. Mboni yako gizani ina upana wa milimita 7 hivi. Darubini ya kioo cha milimita 200, ambayo ni ya kawaida kwa vikundi vya watu wanaofanya kwa mapenzi, inakusanya mwanga zaidi ya mara 800 ya jicho lako. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Kukuza ni kazi ya pili.

Usitegemee picha za rangi kama za mtandaoni. Kamera inakaa saa nzima ikikusanya mwanga. Jicho lako haliwezi. Utaona vitu vidogo, vingine vya kijivu, vikitetemeka kidogo kwa sababu ya hewa. Lakini ni vyenyewe. Mshtarii ataonekana na miezi yake minne imejipanga mstari, ileile ambayo Galileo aliiona Januari 1610, na ukirudi baada ya saa mbili utakuta imehama. Zohali ndiye bingwa wa kufanya watu wapige kelele. Watoto wengine huenda kuchungulia mdomo wa darubini kama kuna stika imebandikwa. Mwezi Machi 2025 pete zake zilitugeukia ubavu zikawa kama uzi, na miaka inayofuata zinafunguka tena.

Hapa ndipo mambo yanakuwa mazito kidogo. Mwanga wa Zohali umesafiri zaidi ya saa moja kukufikia. Mwanga wa Suheli umesafiri miaka 310 hivi. Uliondoka si muda mrefu baada ya Waomani kuiteka Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1698. Mwezi Julai tafuta kundinyota la Nge, na ile nyota nyekundu moyoni mwake, Antares. Mwanga wake una takriban miaka 550. Kilomita chache kutoka ulipo kuna magofu ya Kaole, mji uliokuwa na msikiti tangu karne ya 13. Mwanga huo ulipoanza safari, Kaole ilikuwa bado ina watu. Na ule ukungu mnene karibu na mkia wa Nge ni upande wa kiini cha galaksi yetu, miaka-nuru 26,000.

Ukigeukia kaskazini mwezi Septemba, mwambie mwenye darubini akuonyeshe kundinyota la Bata-maji. Humo kuna kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho huwezi kukiona, na kina uhusiano na pwani hii. Tarehe 12 Desemba 1970 setelaiti ya kwanza ya kupima miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kukifanya Cygnus X-1 kuwa kitu cha kwanza kukubalika na wengi kuwa shimo jeusi. Kwa nini Malindi? Kwa sababu ya ikweta: hapo Dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi na inaisukuma roketi bure.

Giza lenyewe

Kaa ufukweni na utazame kusini-mashariki. Kuna mng'ao wa rangi ya chungwa umeinuka kutoka chini. Hiyo ni Dar es Salaam, kilomita 60 hivi kwa mstari ulionyooka. Kaskazini-mashariki kuna mng'ao mdogo zaidi: Mji wa Unguja. Msalaba wa Kusini huchomoza upande wa Dar, kwa hiyo siku hizi unachomoza ndani ya mng'ao na inabidi usubiri upande juu ndipo uuone vizuri.

Na barabara yote ya Bagamoyo, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, inajengwa. Pale Mbegani kuna mradi wa bandari uliotiwa saini mwaka 2013 na ukasuasua tangu hapo. Siku moja utajengwa, huu au mwingine. Mimi sipingi taa. Mama anayeuza samaki jioni anahitaji taa, na binti anayetoka twisheni anaihitaji zaidi. Ninachosema ni hiki: mwanga unaokwenda juu haummulikii mtu yeyote, na umelipiwa kwa uniti za LUKU.

Dawa yake inajulikana na ni rahisi. Taa ifunikwe juu imulike chini. Rangi iwe ya njano kuliko nyeupe-samawati, kwa sababu samawati ndiyo inayotawanyika zaidi hewani, sababu ileile inayofanya anga la mchana liwe na rangi hiyo. Taa za bustani za hoteli zizimwe watu wakilala. Faida si ya sisi wa darubini peke yetu. Kaskazini mwa hapa, ufukwe wa Madete ndani ya Hifadhi ya Saadani, kasa wa kijani hutaga mayai. Vitoto vikianguliwa usiku hukimbilia upeo wenye mwanga zaidi, ambao kwa mamilioni ya miaka ulikuwa bahari. Ukiweka taa nyeupe nyuma yao, vinakimbilia barabarani.

Tofauti ya uchafu huu na mwingine ni kwamba hausafishwi. Ukizima taa, umekwisha usiku huohuo. Lakini kuweka taa sahihi kabla ya kujenga ni rahisi kuliko kuzibadilisha maelfu baadaye, na Bagamoyo bado iko kwenye "kabla". Dar haiko tena.

Ukija, beba hivi

Mkeka au kanga ya kulalia, maana shingo inachoka. Dawa ya mbu. Kitu cha kujifunika. Juni hadi Agosti upepo wa kusi una baridi na umande unalowesha kila kitu, lenzi zikiwemo. Karatasi nyekundu ya kufunga kwenye tochi. Usafiri wa kurudi upangwe mapema, kwa sababu magari ya Dar huadimika usiku. Ukichagua mwezi, chagua kati ya Juni na Septemba, mawingu ni machache na kiini cha galaksi kiko juu kabisa saa tatu usiku.

Na njoo na mtu mmoja mwenye umri mkubwa kuliko wako, hasa kama aliwahi kuvua au kusafiri kwa jahazi. Muulize yeye nyota ile anaiitaje kabla hujafungua programu ya simu. Majina hayo nayo yanafifia, na hayo hayarudi kwa kuzima swichi.